Kuinuka au kuanza? Ulinganisho wa viambishi vya mwelekeo vya Kikaruk, na jinsi ya kuchagua

Mtu amesimama ukingoni mwa mto Klamath, kaskazini-magharibi mwa California, ana jiwe mkononi. Analitupa. Kwa Kiswahili tumeshamaliza: ametupa jiwe. Anayetaka kujua limeangukia wapi atauliza, naye ataongezewa neno, au kitenzi kitabadilika kidogo: amelitupia mtoni.

Kwa Kikaruk, lugha ya wenyeji wa hapo, mzizi wa kutupa ni páath-, na mzizi huo hupenda kupewa mkia. Jiwe limekwenda upande mto unakotoka au unakoelekea? Limetua majini, motoni, au ndani ya kikapu? Limepaa juu ya kimo cha mtu au halikufika? Kila jibu lina kiambishi tamati chake, nacho hushikana na mzizi mpaka vinakuwa neno moja. Viambishi vya namna hii ni zaidi ya 30. Anayejifunza lugha hii, au anayesoma hadithi zake kwa msaada wa kamusi, hukwama hapa kabla ya pengine popote, kwa sababu viambishi viwili vinaweza kutafsirika kwa neno lilelile la Kiswahili ilhali Mkaruk hawezi kuvibadilishana.

Nimeviweka ubavu kwa ubavu vile ambavyo vinachanganya zaidi. Kuhusu maandishi: Kikaruk kina toni, na alama za juu ya irabu huhama viambishi vinapoungana na mzizi. Kwa hiyo mara nyingi naandika mzizi peke yake na kiambishi peke yake, badala ya kukupa neno zima lenye alama mahali pasipo pake.

Kwanza, mto

Huwezi kuchagua kiambishi sahihi kabla hujajua mto uko upande gani. Wakaruk huishi katika sehemu ya kati ya Klamath, maeneo ya Orleans, Somes Bar na Happy Camp, na maneno yao makuu ya mwelekeo ni manne: káruk ni upande mto unakotoka, yúruk ni upande unakoelekea, máruk ni kupanda mlima kuuacha mto, sáruk ni kuteremka kuelekea mtoni. Jina la watu hawa lenyewe limetokana na káruk. Jirani zao waliokaa chini zaidi, kuelekea baharini, wanajulikana kwa jina la Yurok, ambalo ni neno la Kikaruk yúruk. Wakaruk wenyewe lugha yao huiita araráhih, yaani lugha ya watu.

Sisi tunalo jambo la jamaa yake. Kaskazini na kusini yametokana na kaskazi na kusi, pepo zilizoleta majahazi na kuyarudisha. Watu wa pwani walichukua upepo wakaufanya dira, Wakaruk wakachukua mto. Tofauti ni kwamba mto hujipinda. Ukiwa kijiji hiki káruk inaweza kuwa mashariki, na ukipita kona mbili inaelekea kaskazini. Usijaribu kuigeuza káruk kuwa sehemu ya dira ya sumaku, utapotea. Iache iwe "juu ya mto", kama vile msafiri wa kwetu anavyopanda bara na kushuka pwani bila kuuliza nyuzi.

Mwaka 2024 ilikamilika kazi ya kubomoa mabwawa manne ya Klamath, na samaki aina ya samoni wakaonekana tena sehemu za juu ambazo njia yake ilikuwa imezibwa kwa miongo mingi. Wakaruk walikuwa miongoni mwa waliopigania jambo hilo kwa miaka mingi. Kwa samaki yule safari nzima ni káruk, na kwangu mimi hii ni sababu tosha ya kutoviona viambishi hivi kama mapambo ya sarufi.

Kwenda chini ya mto, lakini wewe umesimama wapi?

Hapa ndipo nadhani mwanafunzi anayetoka kwenye Kiswahili anapaswa kutulia zaidi. Chukua mtu anayeteremka na mto. Mwelekeo wake ni mmoja, maji yanashuka naye anashuka. Hata hivyo kuna -rupu na kuna -varak, na vyote viwili vinamhusu.

-Rupu ni kwenda chini ya mto kutoka hapa. Anakupa mgongo. -Varak ni kuja hapa kutoka juu ya mto. Uso wake unauona. Maji ni yaleyale, njia ni ileile, kilichobadilika ni mahali alipo msemaji.

Jambo hili si geni kwetu, ila sisi tumeliweka kwenye vitenzi vyenyewe: leta na peleka, njoo na nenda. Hakuna Mswahili anayesema "peleka hapa". Basi sikio lilelile linalokukataza kusema hivyo ndilo likuongoze. Kabla ya kuchagua jiulize kama ungesema "anakuja" au "anakwenda". Ukijibu "anakuja kutoka juu ya mto", ni -varak. Ukijibu "anakwenda zake kule chini", ni -rupu. Kwa upande wa pili, kwenda juu ya mto kutoka hapa ni -rôovu.

Kama huna habari ya mto kabisa, na unachotaka ni huku au kule tu, viko viambishi vyepesi: -uk kwa kuja huku, -mu kwa kwenda kule. Anayeanza angejifunza hivi viwili siku ya kwanza. Lakini asivifanye kimbilio. Katika hadithi msimulizi anayejua mto hutaja mto.

Kuingia ni kuingia wapi?

Kiswahili kina ingia, neno pana kama mlango wa ghala. Tunaingia nyumbani, tunaingia majini, nyoka anaingia shimoni, chumvi inaingia kwenye mchuzi. Kikaruk kinaanzia kwa mzizi unaosema namna ya mwendo, kukimbia au kuruka au kutupa, halafu kiambishi kinasema ni ndani ya nini.

| Mahali | Kuingia | Kutoka |
|---|---|---|
| Nyumba au pahali palipozungukwa | -furuk | -rupuk |
| Chombo, kama kikapu | -ramnih | -rishuk |
| Maji | -kurih | |
| Moto | -kirih | |

Safu ya kutoka nimeiacha wazi kwa maji na moto kwa sababu hapa tunalinganisha vinavyochanganya, na hatari kubwa iko kwenye safu ya kuingia. Tazama -kurih na -kirih. Irabu moja imebadilika na jiwe limetoka mtoni likaingia motoni. Ukiwa na páath- mkononi na ukakosea irabu hiyo, umemwambia mwenzako achome kitu alichotakiwa kukitupa majini. Msemaji wa Kiswahili hana haki ya kulalamika, maana na sisi tuna tia na toa, irabu moja na maana zimepeana visogo, na mtoto wa miaka mitatu hakosei. Dawa ni ileile aliyoitumia mtoto yule: usivikariri viambishi viwili hivi katika orodha. Kariri vitu. Kuni na -kirih, wavu na -kurih.

Mtego wa pili ni -rupu na -rupuk. Cha kwanza kinakwenda chini ya mto, cha pili kinatoka nje ya nyumba. Konsonanti moja mwishoni. Unaposoma haraka jicho huruka ile k, kisha unashangaa kwa nini mhusika aliyekuwa amekaa ndani ghafla yuko njiani kuelekea baharini. Nikiwa na shaka, narudi nyuma sentensi mbili tatu kutafuta kama aliingia mahali. Kama kuna vôonfuruk, yaani aliingia ndani ya nyumba, basi anadaiwa kutoka, na -rupuk ndiyo ninayoitarajia.

Kati ya -furuk na -ramnih uchaguzi ni mwepesi kuliko unavyoonekana. Usitazame ukubwa, tazama matumizi. Pahali watu wanapokaa, wanapolala, wanapoota moto ni -furuk. Kitu kinachobeba vitu vingine ni -ramnih.

Juu kiasi gani?

Sasa tunaikaribia -sip, kiambishi kilichonifanya niandike haya yote.

Kwa kwenda juu kuna -sip na kuna -uraa. Kwa kwenda chini kuna -ish na kuna -unih. Mpaka kati yao ni mwili wa mtu. William Bright, mwanaisimu aliyefika kwa Wakaruk mwaka 1949 akiwa mwanafunzi na kuchapisha sarufi yake mwaka 1957, aliueleza hivyo: -sip ni kupanda kusikozidi kimo cha mtu, -uraa ni kupanda kupita hapo, na ndiyo inayotumika pia kwa kupanda mlima. Wakaruk walimpa Bright jina la Uhyanapatánvaanich, muuliza-maneno mdogo, na ukiona jinsi alivyozipanga tofauti hizi ndogo unaelewa kwa nini.

Kwa hiyo aliyepanda mti ni vôoruraa, pana -uraa mwishoni. Aliyeruka juu akatua palepale ni árihship, mzizi wa kuruka pamoja na -sip. Aliyekaa kitako ni ikrîish, ndani yake mna -ish, mwili ukishuka kutoka kimo chake wenyewe. Kinachoporomoka kutoka mlimani kitataka -unih.

Kuna mambo mawili ya maandishi yatakayokusumbua usipoyajua. La kwanza, s ya Kikaruk hugeuka sh ikitanguliwa na irabu i, hata kama kuna konsonanti katikati. Ndiyo maana nimeandika árihship, si árihsip. Ni kiambishi kilekile. La pili, -sip na -ish zina umbo refu, -sipriv na -ishrih, ambalo hujitokeza hasa viambishi vingine vinapofuata. Ukiikuta -sipriv katikati ya neno refu, usiitafute kwenye kamusi kama mgeni.

Uamuzi wangu hapa: kwa vitu vinavyookotwa, kwa mtu anayenyanyuka, kwa kichwa kinachoinuliwa, chagua -sip bila wasiwasi. Kwa mti, mwamba, mlima, paa, chagua -uraa. Kiswahili chetu hakitakusaidia, maana "kupanda" tunasema kwa ngazi ya vidato vitatu na kwa Kilimanjaro.

-Sip ya kuinuka, -sip ya kuanza

Nilipoanza kusoma hadithi za Kikaruk nilikuwa natafsiri kila -ship kuwa "juu". Sentensi zikagoma. Mtu anakimbia, ikvírip, mzizi wa kukimbia kwa mtu mmoja. Halafu nakuta ikvíripship. Alikimbia juu? Juu ya nini? Hakuna mlima, hakuna mti, na kama angepanda mlima tungetarajia -uraa.

Maana yake ni kuanza kukimbia. Alitimua mbio. Kiambishi kilekile kinachoinua mwili kutoka chini kinainua kitendo kutoka kwenye utulivu.

Jozi inayoonyesha jambo hili waziwazi ni hii. Kuna mzizi ivyih-, wa kwenda kwa watu wengi. Ukiupa -uk unapata ivyíhuk, wanakuja huku. Ukiupa -sip unapata ivyíhship, wanaondoka, wanashika njia. Mzizi mmoja, viambishi viwili vya mwelekeo, na kimoja kimebeba habari ya mwisho wa safari, yaani hapa tulipo, wakati kingine kimebeba habari ya mwanzo wake.

Utajuaje basi ni ipi kati ya -sip mbili? Mimi najiuliza swali moja: je, kitendo hiki kina kitu kinachoweza kunyanyuka na kubaki palepale? Kuruka kuna mwili unaopaa, kuokota kuna kitu kinachotoka chini. Hapo naisoma kama "juu". Kukimbia na kwenda havipai, vinasonga mbele. Hapo naisoma kama "anza". Katika kusoma swali hili limenifaa. Katika kuandika nakushauri uwe mwangalifu zaidi: usijibandikie -sip kwenye mzizi wowote ukidhani utapata maana ya kuanza. Tafuta neno zima kwenye kamusi kwanza. Bright na Susan Gehr walichapisha kamusi mwaka 2005, na iko kamusi ya mtandaoni, Ararahih'urípih, inayohifadhiwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambamo unaweza kutafuta kwa kiambishi na kuona maneno yaliyotumika kweli katika masimulizi.

Kuanza, kuendelea, na kutarajia

Uchaguzi mwingine unaochanganya ni kati ya -sip na viambishi vya wakati. Vipo viwili vya kulinganishwa nayo. -Tih ni ya kitendo kinachoendelea au kinachozoeleka, karibu na -na- na hu- zetu. -Avish ni ya kitakachokuwa, kama -ta-: nivâarameesh ni "nitakwenda", umbo ambalo irabu za -avish zimeungana na za kitenzi mpaka kinasikika -eesh.

Mwanafunzi anaweza kufikiri kwamba "yuko karibu kuanza" ni -sip. Sivyo. Kama miguu haijanyanyuka, ni -avish. Kama imenyanyuka, ni -sip. Kama inaendelea na mwendo, ni -tih. Pia havikai mahali pamoja ndani ya neno. -Sip hukaa karibu na mzizi, ni sehemu ya kuunda kitenzi chenyewe, wakati -tih na -avish huja nje zaidi, baada ya kitenzi kuwa kimeshaundwa. Ndiyo kusema -sip haishindani nazo. Inafanya kazi ambayo mnyambuliko hufanya kwetu, kama ile -ia ya kimbilia na tupia, si kazi ya njeo.

Na kwa vile nimeitaja kimbilia: usiitumie kama kipimo cha viambishi vya mwelekeo. "Alimkimbilia" inaweza kuwa alimwendea mbio, au alitafuta hifadhi kwake, na ukisema "nikimbilie" unaomba ufanyiwe kitu. Kauli yetu ya kutendea imebeba mambo mengi kwa pamoja. Ya Kikaruk yamegawanywa, kila kiambishi na mzigo wake, isipokuwa pale -sip inapobeba miwili. Kimaasai kinafaa zaidi kwa kulinganisha, kwa sababu nacho hutia kuja huku na kwenda kule ndani ya kitenzi, na anayekijua atazielewa -uk na -mu mapema kuliko sisi.

Neno tulilonalo tayari

Nilihangaika muda kutafuta namna ya kuitafsiri -ship ya ivyíhship. "Wakaanza kwenda" ni sahihi ila ni baridi, haina mwili ndani yake. "Wakafunga safari" imeleta mizigo na maandalizi ambayo hayamo. "Wakashika njia" ni nzuri, lakini kule kunyanyuka kumepotea.

Kisha nikakumbuka ondoka. Siku hizi tunaitumia kwa kuacha mahali, basi limeondoka, mgeni ameondoka. Lakini kwa wazee, na katika maandishi ya zamani ya pwani, kuondoka ni kuinuka kwanza. Kijana huondokea wakubwa, maana yake anasimama kwa heshima wanapoingia, haendi popote. Aliyeondoka alinyanyuka kutoka kwenye mkeka, na kwa kuwa mtu hanyanyuki bure, akawa ameanza safari. Neno likahama kutoka kwenye mwili kwenda kwenye safari, hatua ileile ambayo -sip imeipiga.

Na linaanza zaidi ya safari. Paukwa! Pakawa! Paliondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa. Hadithi nzima inainuka kwa kitenzi hicho. Nimeisikia fomula hiyo tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini chanjagaa aliondokea, na Kikaruk ndicho kilichonifanya niulize.

Basi katika hadithi mara nyingi utakutana na watu waliokuja mahali, wakakaa, kisha wakarudi kwao. Kikaruk hutumia neno moja, kunpavyíhship. Kun- ni wao. Pa- ni tena, au kurudi. Vyíh ni ule mzizi wa wengi kwenda. Ship umeshaijua. Ukiiandikia "walianza kurudi", utakuwa umechagua upande mmoja wa kiambishi na kuuacha wa pili. Mimi naandika: wakaondoka wakarudi kwao.